Farasi Mpole na Mshipi Uliolegea

Ukishuka garini kwenye shule yoyote ya farasi huko Karen au Lang'ata, Nairobi, maneno ya kwanza utakayosikia ni haya: "Usiogope, huyu ni mpole." Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi ni kweli. Farasi mwenyewe amesimama kivulini, mdomo wa chini umelegea, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha, macho nusu yamefumba. Lakini huo ni upole wa farasi ambaye bado hajaona mfuko wa plastiki ukipeperuka, tandiko halijambana, na hajafungiwa bandani siku tatu mfululizo kwa sababu ya mvua. Wanaoanguka, kwa sehemu kubwa, huanguka kutoka kwa hao hao wapole, maana ndio wanaopewa watu wasiojua kupanda. Upole haukazi mshipi wa tumbo.

Farasi wa kawaida wa shule ana uzito wa kilo 400 hadi 550. Mtu mzima akikaa juu yake, kichwa chake kinakuwa kama mita mbili na nusu kutoka ardhini. Mnyama huyu aliumbwa akimbie kwanza, afikiri baadaye. Macho yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Ndiyo sababu mtoto anayemkaribia kwa nyuma hupigwa teke na farasi asiyekuwa na ubaya wowote: alisikia kitu asichokiona, akajilinda. Ukitaka kupita nyuma yake, pita ukimgusa na kuongea naye, mwili wako ukiwa umemgusa kabisa, au pita mbali, zaidi ya mita tatu. Hatari iko hapo katikati, ambapo teke linakufikia likiwa na nguvu zake zote.

Watu hudhani ajali kubwa ni farasi kutoroka kwa shoti, kama kwenye sinema. Hutokea, lakini si hilo linalojaza daftari la ajali. Linalolijaza ni farasi kushtuka na kuruka upande nusu mita tu, mpandaji akabaki hewani. Ni mwendo wa matiti, ule wa kurusharusha kati ya kutembea na shoti, uliomchosha anayejifunza, akapoteza mizani, akashika hatamu ili asianguke, naye farasi akasimama ghafla. Ni farasi mdogo kuinamisha kichwa ale nyasi, mtoto wa miaka sita akateleza shingoni kama yuko kwenye ubao wa kutelezea wa watoto. Anguko la namna hii huishia kwenye kifundo cha mkono au mtulinga, kwa kuwa mtu hutanguliza mkono. Linapokuwa baya, huwa ni kichwa, uti wa mgongo, au mguu ulionaswa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko.

Hilo la mwisho ndilo linaloogopwa zaidi na masaisi, yaani watunza farasi, wenye miaka mingi kazini, na ndilo linalozuilika kwa urahisi kuliko yote. Nitakaa hapo kidogo.

Mshipi wa tumbo ndio unaoshika tandiko. Farasi wengi, wakifungwa, hujaza pumzi na kukaza misuli ya kifua. Ukikaza mara moja tu ukaondoka, baada ya dakika chache amepumua na mshipi umelegea kwa matundu mawili. Kwa hiyo hukazwa mara tatu: bandani (tundu kwa tundu, bila kumshtua), kabla mtu hajapanda, na tena baada ya dakika tano hadi kumi za kutembea. Kipimo ni vidole viwili vilivyolala bapa kati ya mshipi na mbavu, viingie kwa kubanwa. Mkono mzima ukiingia, mtu asipande. Anayepanda kutoka ardhini kwa kuning'inia upande mmoja hulivuta tandiko lizunguke hadi tumboni, na farasi mwenye tandiko tumboni si mpole tena. Atarusha mateke mpaka litoke au mpaka akate kamba. Ngazi ya kupandia, hata kama ni kreti mbili zilizopigiliwa ubao imara, huokoa mgongo wa farasi na wa mwanafunzi pia.

Sasa njoo kwenye kikuku. Mkanda unaokishikilia una mshono kwenye bizimu yake, kile kifungo cha chuma, na mshono huo ndio unaokatika. Nairobi ngozi inapata shida mbili: Januari na Februari jua linaikausha, halafu mvua za Machi hadi Mei zinaiotesha ukungu. Ukunje mkanda kati ya vidole, sehemu ile inayopita kwenye kikuku, uangalie kama kuna nyufa ndogo ndogo. Uvute kwa uzito wako wote. Angalia matundu: tundu lililokuwa duara likiwa refu kama jicho, mkanda huo umeanza kuchoka. Kisha inua ubawa wa tandiko. Utaona ndoano ya chuma ambamo mkanda umeingizwa, na mwisho wake kuna kilimi kidogo chenye bawaba. Kwenye tandiko la shule kilimi hicho kiwe kimelala, wazi, ili mtu akianguka mguu ukiwa umenaswa, mkanda wote uchomoke. Kuna matandiko ambayo kilimi kimesimama na kutu imekigandisha tangu tandiko liingie nchini. Tone la mafuta na dakika moja ya kukichezesha kila wiki, basi.

Upana wa kikuku nao una hesabu yake: sehemu pana ya kiatu, ongeza kama sentimita moja kila upande. Kikiwa chembamba, mguu unakwama. Kikiwa kipana, kama mtoto aliyepewa cha mtu mzima, mguu mzima unapenya hadi kisigino na hapo haurudi. Vikuku vya usalama vyenye mpira upande wa nje ni vizuri sana kwa watoto. Mpira huo ukae upande wa nje (mara nyingi vikuku hubadilishwa kushoto kwenda kulia wakati wa kuosha, na hakuna anayeona), na ubadilishwe ukianza kupasuka kwa jua.

Kiatu kinachofaa kina kisigino cha sentimita moja hadi mbili na soli laini isiyo na meno. Raba haina kisigino, inapita. Kroksi usiseme. Lakini kiatu kinachoudhi kuliko vyote ni gambuti, kwa sababu mzazi wa Nairobi anaona ndicho cha shamba na cha matope, basi ni cha farasi. Soli ya gambuti ina meno marefu yanayong'ata chuma cha kikuku, na kiatu chenyewe ni kipana kiasi kwamba hujam papo hapo. Shule yenye akili huweka sanduku la viatu vya kuazima vya saizi zote, na mkufunzi anayesema "leo hupandi na hivyo" hata kama ada imeshatumwa kwa M-Pesa. Hapo ndipo utajua kama shule inamaanisha. Kumrudishia mtu pesa kwa sababu ya kiatu kunauma, na ndiyo maana wengi hawafanyi.

Helmeti haina mjadala, ingawa bado utaona picha za watu wazima wakiwa wamevaa kofia za jua juu ya farasi. Machi 2010 huko Florida, Courtney King-Dye, aliyekuwa ameiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 2008, alikuwa kwenye mazoezi ya kawaida tu, farasi akajikwaa. Hakuwa na helmeti. Alikaa katika koma wiki nne. Huyo si mgeni wa Jumapili, ni mtaalamu. Na ili tusidanganyane upande wa pili: Mei 1995 huko Virginia, mwigizaji Christopher Reeve alikuwa na helmeti pale farasi wake alipogoma mbele ya kiunzi, mikono yake ikanaswa kwenye hatamu, akatua kwa kichwa. Helmeti ililinda fuvu, shingo ikavunjika. Helmeti hupunguza kinachofika kwenye ubongo. Haimzuii mtu kuanguka, wala hailindi shingo. Vivyo hivyo kizibao cha kujikinga kifua: kinasaidia mbavu na viungo vya ndani farasi akikukanyaga, lakini kisikupe ujasiri wa kuruka viunzi usivyovijua.

Iwe helmeti ya farasi. Ya baiskeli haishuki kutosha kisogoni, ya boda boda ni nzito na inamnyima mtu kusikia. Ndani iwe na alama ya kiwango, kama vile PAS 015, ASTM F1163 au VG1. Ikae sawasawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na ukiitikisa kwa mkono ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Mkanda wa kidevu uingie kidole kimoja. Sponji ngumu iliyo ndani yake hufanya kazi mara moja: inapopigwa inapondeka ili nguvu iishie humo, na ikishapondeka hairudi, hata kama nje haionekani mkwaruzo. Kwa hiyo ikishaanguka na mtu, inatolewa kazini siku hiyo hiyo na kukatwa mikanda ili asije mwenye huruma akairudisha rafuni. Bila anguko, miaka mitano hivi inatosha. Na ukiiona ya bei nzuri kwenye mitumba ya Toi au Gikomba, iache. Huwezi kujua ilishaanguka mara ngapi.

Kuna jambo linalosahaulika kwa urahisi, nalo ni nywele. Msichana aliyepimwa helmeti akiwa na nywele fupi, akirudi wiki ijayo amesukwa rasta nene zilizofungwa juu ya utosi, helmeti ile ile sasa imekaa kichwani kama sufuria juu ya jiwe. Ipimwe upya kila mtindo ukibadilika. Rasta zifungwe chini, kwenye kisogo, zisiwe fundo juu. Mwambie mama mapema kwenye ujumbe wa kuthibitisha somo, si pale uwanjani akiwa ameshalipa msusi.

Basi vifaa vimekaa sawa. Bado hujajua nani anapanda nani, na hapo ndipo makosa makubwa ya shule hufanyika.

Farasi wengi wanaofundishia Nairobi wametoka kwenye mbio za Ngong Racecourse. Ni wanyama wazuri, wamezoea magari, wamezoea watu. Lakini walifundishwa lugha nyingine. Kwenye mbio, hatamu zikikazwa farasi huegemea lijamu, chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Anayejifunza akiogopa hufanya mambo matatu kwa pamoja: anainama mbele, anabana miguu, anavuta hatamu. Kwa mwanadamu huko ni kusema "simama". Kwa farasi wa mbio ambaye hajabadilishwa vizuri, ni kusema "twende". Kumbadilisha huchukua miezi, si wiki, na anayepaswa kuamua kama yuko tayari si mwenye shule anayemtazama kama gharama ya nyasi za Boma Rhodes na pumba inayoliwa bure.

Uzito nao usionewe haya. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwa farasi mzee au asiye na misuli shuka hadi 15. Farasi wa kilo 400, basi, dari yake ni kilo 80 na tandiko ndani yake. Weka mizani ya kawaida ofisini, na usiulize mbele ya foleni. Farasi aliyezidiwa huumia mgongo, na mgongo ukiuma atarusha mateke siku moja na watu waseme amebadilika tabia. Kabla ya kutandika, pitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo ukibonyeza kiasi. Akijikunja, akikaza ngozi au akirudisha masikio nyuma, huyo leo hafanyi kazi. Hata kama ni Jumamosi.

Na mvua. Wiki ya Aprili ikimwagika, uwanja unakuwa telezi, farasi wanakaa bandani siku tatu wakila chakula kile kile cha nguvu walichokuwa wakila walipokuwa wakifanya kazi. Jumamosi jua linatoka, wateja wamejaa, na farasi wa kwanza kutoka ni yule mpole, na mtoto juu. Dawa yake ni rahisi na inachosha: punguza chakula cha nguvu tangu siku ya kwanza ya kukaa bure, na asubuhi ya kazi mfungulie akimbie malishoni au mzungushe kwa kamba ndefu dakika 15 kila upande penye udongo mkavu. Saisi aanze saa kumi na mbili badala ya saa moja. Alipwe hiyo saa.

Anayeanza awe na mtu wa kumwongoza farasi kwa kamba, na mtoto mdogo awe na mwingine wa kutembea ubavuni. Kundi la wanaojiendesha wenyewe lisizidi sita kwa mkufunzi mmoja. Kati ya farasi na farasi kuwe na nafasi ya urefu wa farasi mmoja. Namna ya kumfundisha mtoto ni kumwambia atazame katikati ya masikio ya farasi wake, na kama haoni kwato za nyuma za aliyemtangulia, amekaribia mno. Anayeongoza asijizungushie kamba mkononi. Vidole vimewahi kukatika hivyo, kila mahali penye farasi duniani.

Somo la pili au la tatu, farasi akiwa amesimama, kila mwanafunzi afundishwe kushuka kwa dharura: toa miguu yote miwili kwenye vikuku, inama mbele mkono mmoja shingoni, rusha mguu wa kulia juu ya mgongo, tua kwa magoti yaliyokunjwa ukitazama mbele. Arudie mpaka asifikirie. Na afundishwe kwamba farasi akikimbia, kuvuta hatamu zote mbili kwa nguvu hakusaidii. Kaa wima, vuta moja, mzungushe kwenye duara linalopungua. Kupiga kelele humwongezea farasi mbio.

Uwanja wenyewe: mita 20 kwa 40 unatosha kwa masomo, mchanga wa sentimita tano hadi nane juu ya msingi mgumu. Udongo mwekundu wa Karen ukilowa ni sabuni, na ule mweusi wa pamba ukikauka una nyufa zinazomeza ukwato. Viunzi visivyowekewa nguzo ya kurukwa viondolewe vishikizo vyake vya chuma. Geti lifungwe kwa komeo, kila mara, si kwa kuegeshwa. Farasi aliyembwaga mtu hukimbilia nyumbani, na kama geti liko wazi, njia ya nyumbani inaweza kupitia Barabara ya Ngong, katikati ya matatu.

Nje ya uwanja, Nairobi ina mitego yake: ngiri anayechomoka kichakani, mbwa wa jirani, boda boda anayepiga honi kwa salamu, ndege ndogo za uwanja wa Wilson zikipita chini. Hivyo vyote farasi huzoea akizoezwa polepole. Nyuki hawazoeleki. Wanachokozwa na jasho na harufu ya mnyama, na farasi aliyefungwa hana pa kukimbilia; anaweza kufa. Usipitishe njia karibu na mizinga. Milango ya mabanda ifunguke kwa nje bila kufuli mchana. Farasi asifungwe moja kwa moja kwenye mlingoti: funga kamba yake kwenye kitanzi cha uzi wa kufungia robota za nyasi, kwa fundo linalofunguka ukivuta ncha. Akishtuka, uzi ukatike. Bora farasi afunguke kuliko ang'oe mlingoti na kukimbia nao ukimpiga miguu.

Sherehe za watoto zinahitaji neno lake. Farasi huletwa uani kwa mtu, ambako hajawahi kufika, watoto 30 wanapanda kwa zamu, saa tatu mfululizo, muziki juu, na mtu amejaza baluni. Baluni moja ikipasuka chini ya tumbo la farasi aliye na mtoto wa miaka minne, saisi mmoja mwenye kamba hatoshi. Masharti yawekwe wakati wa kupokea malipo ya awali: njia ya farasi izungushiwe kamba mbali na mahema, hakuna baluni upande huo, watoto wawili hawakai juu ya farasi mmoja kwa ajili ya picha, farasi wawili wapokezane, kila mmoja akipumzika na kunywa maji kila dakika 40, helmeti kwa kila anayepanda, hata kama itaharibu rangi za usoni. Mwenye sherehe akikataa, wapo wengine watakaokubali kwenda. Wewe usiende.

Halafu mtu anaanguka. Itatokea hata mkifanya yote.

Mkufunzi anasema neno moja, kwa sauti ya kawaida: "Simama." Kila farasi uwanjani anasimama. Hakuna anayemkimbiza farasi aliyebaki bila mpandaji. Saisi anamfuata kwa kutembea, pembeni, na ndoo yenye pumba kidogo. Mkufunzi anaenda kwa aliyeanguka, anapiga goti upande wa kichwa, anamwambia asisogee, anaweka mikono miwili kwenye pande za helmeti ili kichwa kisigeuke. Usimwinue. Usimpe maji. Usimvue helmeti, isipokuwa hapumui na huwezi kufikia mdomo. Muulize leo ni siku gani, yuko wapi, farasi anaitwa nani. Muulize kama anahisi vidole vya miguu. Shingo ikiuma, ganzi ikiwepo, au alipoteza fahamu hata kwa sekunde, anabaki hapo hapo amefunikwa blanketi mpaka ambulensi ifike. Akitapika, watu watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa kikifuata mwili.

Namba ziwe zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, si kwenye simu ya mtu mmoja: 999 au 112, 1199 ya Msalaba Mwekundu, na ya kampuni ya ambulensi mliyojisajili nayo. Chini yake yaandikwe maelezo ya kufika, neno kwa neno, ili hata mpishi aweze kuyasoma. Vijia vya Karen vinafanana na vingi havina vibao, kwa hiyo kuna ujanja unaofanya kazi: boda boda wa stejini anayejulikana na shule hutumwa barabara kuu kuingoja ambulensi na kuitangulia. Hospitali ichaguliwe kabla, yenye kipimo cha CT saa 24. Fomu ya aliyeanguka iende naye.

Na kuna mila moja inayopaswa kufa: "Mrudishe juu sasa hivi, asije akaogopa." Aliyegonga kichwa harudi juu siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata kama baba anasisitiza. Mtikisiko wa ubongo hujificha. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kusahau na usingizi usio wa kawaida vinaweza kuja baada ya saa kadhaa, kwa hiyo nyumbani aangaliwe saa 24 hadi 48, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuua. Kwa kidonda chochote kilichogusa udongo wa bandani, uliza chanjo ya pepopunda ilikuwa lini. Vijidudu vyake hukaa kwenye mavi ya farasi.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa kuwa watu huikumbuka baada ya ajali tu. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya inamtaka mwenye mahali achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta. Atarajie watoto wasiwe waangalifu kama wakubwa. Na onyo peke yake halimwokoi ikiwa halikutosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao cha "Unapanda kwa hatari yako mwenyewe" kwenye geti ni onyo. Madai ya majeraha kwa kawaida yana miaka mitatu ya kufikishwa mahakamani, hivyo rekodi ya leo inaweza kuulizwa ukiwa umesahau hata jina la farasi. Fomu anayotia sahihi mzazi ina faida kubwa zaidi ikiwa inauliza yanayofaa: pumu, kifafa, dawa, uzito, ameshapanda mara ngapi, nani apigiwe simu. Wanaoiandika kama ngao tu hupata sahihi, lakini hawapati habari.

Na saisi je? Yeye ndiye anayekanyagwa, anayeng'atwa, anayepanda farasi mkorofi asubuhi ili mteja asibwagwe mchana, mara nyingi bila helmeti kwa sababu zilizopo ni za wateja. Sheria ya fidia kwa majeraha kazini ya 2007, ile watu huiita WIBA, inamlazimu mwajiri awe na bima yake. Bima ya wageni haimhusu. Mzazi anayetaka kuijua shule asitazame sebule ya kahawa. Atazame kichwani mwa saisi anapokuwa juu ya farasi.

Kisha lipo daftari. Liwe la karatasi, likae kwenye chumba cha matandiko, na kalamu ifungwe kwa uzi. Huandikwa ajali, na huandikwa zaidi yale yaliyokaribia kuwa ajali, kwa sababu hayo ndiyo mengi na hayana wa kulaumiwa. Tarehe, saa, farasi, mpandaji, kilichotokea, kilichofanywa. Kila Jumatatu, siku farasi wanapopumzika, mkufunzi na masaisi wanasoma ya wiki iliyopita pamoja, na saisi asome mwenyewe alichoandika. Farasi akitajwa mara tatu ndani ya mwezi, aangaliwe meno, mgongo na tandiko kabla ya kuitwa mkorofi. Mistari yenyewe huwa mifupi, kama hivi: "Jumamosi, saa tatu na dakika kumi. Kikuku cha kushoto, mshono wa mkanda umeachia nyuzi mbili. Mtoto alikuwa hajapanda. Mkanda umekatwa na kutupwa."